Nilivyopasua laptopu ya dada Karatu, ikafufukia njia ya Ngorongoro!

Kama umewahi kwenda Karatu na wewe si mtalii, basi hili unalijua: ukionekana na begi mgongoni kila mtu anadhani unapita tu. Mji wenyewe umezoea kupitwa. Barabara ni moja. Inachepuka pale Makuyuni, inapita Mto wa Mbu kwenye ndizi nyekundu, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini kama sinia, inapita Rhotia, ndipo unaingia Karatu. Ukiendelea nayo unakutana na geti la Lodoare la Ngorongoro, na mbele huko ni Serengeti. Asubuhi magari ya watalii yanapanda yakiwa yamenawishwa, jioni yanashuka mekundu kwa vumbi. Huko katikati ya kutwa mji unabaki na wenyewe, na baridi yao, na malori ya vitunguu kutoka Mang'ola.

Mimi sikwenda kutazama simba. Nilikwenda kupasua laptopu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana steshenari pembeni mwa barabara hiyo. Nasema steshenari, lakini usije ukafikiria ghorofa. Ni meza moja, printa moja, mashine ya fotokopi na laptopu nyeusi, nene kama kamusi. Kwa laptopu hiyo anachapa mitihani ya shule za msingi, mikataba ya kukodisha mashamba, wasifu wa madereva wanaosaka kampuni za utalii, kadi za harusi, na ratiba za mazishi. Ukizaliwa, ukioa au ukifa Karatu, kuna karatasi yako inaweza kupita mezani kwa dada.

Siku hiyo akanipigia simu, mimi niko Arusha.

"Mdogo wangu, hii mashine inaniaibisha."

Akanieleza. Ukiibonyeza kuwaka unaweza kwenda kununua chapati, ukala, ukanawa, ukarudi, ukakuta kile kiduara bado kinazunguka. Mteja anakaa kwenye benchi anaangalia saa. Ng'ambo ya barabara kuna kijana kafungua duka lenye mashine mpya, na wateja wanavuka. Kuna fundi aliyeiangalia akasema imekufa, anunue nyingine. Anunue kwa mshiko gani?

"Halafu siku hizi inalia," akasema dada.

"Inaliaje?"

"Tik, tik, tik. Kama saa ya ukutani."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Polepole naijua dawa yake, lakini tik tik ni ugonjwa mwingine. Zile laptopu za zamani zinatunza vitu kwenye hadi diski, yaani sahani ndogo inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachosoma kikiwa kinaelea bila kuigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Ikianza kugonga namna hiyo, kichwa kinahangaika. Inaweza kuishi mwaka, inaweza isifike jioni.

"Zima," nikamwambia. "Usiiwashe mpaka nije."

Mimi si fundi wa cheti, nisikudanganye. Nilimaliza kidato cha nne, yaliyobaki nimejifunza kwa kukaa kijiweni kwa mafundi na kuharibu vya kwangu. Nikaenda mjini Arusha, nikatoa elfu sitini na tano, nikapewa SSD ya GB 240. Ukiishika unaweza kudhani umepigwa changa la macho: kijikasha chepesi kama peremende, hakina kinachozunguka ndani. Kinatunza kila kitu kwenye chipsi, kama flashi, ila chenyewe kina mbio. Hadi diski nzima ya laptopu inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikijitahidi. SSD ya aina hii, ya waya wa SATA, inafika 500 na zaidi. Na kwa mafaili madogomadogo, ambayo ndiyo yanayochelewesha kuwaka, hata usiwalinganishe.

Kilichobaki ni kuchagua mfumo wa kuendeshea mashine. Windows 10 aliyokuwa nayo dada, Microsoft walikoma kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo ina masharti kama mahari ya mtoto wa tajiri: inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kuja juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ya dada ni kizazi cha nne. Kwa hiyo nikapakua Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce, karibu GB 3, nikaiweka kwenye flashi. Ni ya bure, halali, huhitaji kumpigia mtu goti. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo alioanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Jina lenyewe ukilisikiliza utasikia utu wetu huu huu wa Kiswahili. Rafiki yangu mpiga picha za harusi akaniazima flashi nyingine, kubwa, ya GB 128. Nikapanda Noah, SSD mfukoni, bisibisi ya nyota kwenye soksi.

Nilifika jua linazama. Dada kapika makande, na kabla sijanawa mikono nikaomba laptopu. Mpango ulikuwa huu: niwashe mashine kwa ile flashi ya Linux bila kuigusa Windows, kisha nihamishe kazi zote kwenda flashi kubwa, halafu ndipo nifungue skrubu. Mtu akikwambia anza na skrubu, mkimbie.

Zilikuwa GB 63. Diski ilivyo mgonjwa, ilikuwa inatoa MB 5 kwa sekunde, siku nyingine tusingesema hiyo ni kasi. Nikaanza na kabrasha za wateja. Kabrasha ndilo neno waliloweka wataalamu kwa kile tunachokiita folda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa KiLinux, wakatoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Nilimuuliza dada kama nimwekee Kiswahili kwenye mashine mpya. Akasema, "Niwekee Kiingereza nilichozoea, Kiswahili nitazungumza na wateja." Sawa, dada.

Tukala makande tukisikiliza tik tik. Saa tatu usiku na dakika kadhaa, pwaa! Giza. Umeme umekwenda mtaa mzima. Betri ya laptopu ile ilishakufa miaka miwili nyuma, kwa hiyo na yenyewe ikazima papo hapo. Nikawasha tochi ya simu. Nilikuwa nimehamisha GB 41.

"Zimebaki nini?" dada akauliza.

"Picha, muziki, na folda moja imeandikwa MAMA."

Akanyamaza. Mimi nami, bwana, kama ungeniona usingenitambua. Mama mkubwa alifariki 2022. Nilijua kuna picha. Sikujua kwamba mwaka mmoja kabla, dada alimrekodi kwa simu mara tatu akahifadhi humo, na simu yenyewe ikaja kuibwa. Mara moja mama anaeleza mpaka wa shamba la Rhotia, kutoka mti gani mpaka jiwe lipi, maana jirani alikuwa amekwisha kuanza kusogeza jembe. Ya pili ni majina ya watu wanaodaiwa. Ya tatu ni kuku tu.

"Kuku?"

"Alikuwa anawaita kuku, halafu jogoo akamrukia, akacheka mpaka akakaa chini."

Nilipaswa kuuliza mapema. Nilianza na kazi za wateja kwa sababu nilidhani ndizo mali. Kila anayehamisha vitu kwenye diski inayokufa aanze na kile mwenyewe asichoweza kukichapa upya, na mimi hilo nililijua, nikalisahau kwa harufu ya makande.

Asubuhi umeme haujarudi. Duka limefungwa, mwalimu mmoja kaja na mtihani wake kaondoka. Tunaishi karibu na kaka mmoja dereva wa utalii, ana Land Cruiser yake mwenyewe ya kukodisha. Alikuwa anaiosha uani, aende juu kuchukua wageni waliolala hoteli ya ukingoni. Akaona nimekaa kwenye kibaraza na laptopu mapajani kama mtu aliyefiwa.

"Braza, unataka umeme? Si useme! Humu mna soketi."

Nilisahau kabisa. Magari haya ya safari yana inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari kuwa kama wa ukutani, wageni wachajie kamera zao. Nikachomeka. Mashine ikawaka kwa flashi, na kule ndani ikaanza tena, tik, tik. Kaka dereva anasugua matairi, mimi natazama namba. Dada kasimama mlangoni na khanga begani hasemi neno.

Picha zikapita. Rekodi ya kwanza, ya mpaka, ikapita. Ya madeni ikapita. Ya kuku ikafika nusu ikaganda. Tik, tik, tik, tik. Kisha maandishi: haiwezi kusomeka. Nikajaribu tena. Nikaipumzisha dakika kumi, nikajaribu mara ya tatu. Sauti ikabadilika ikawa kama mtu anakwaruza sufuria. Nikazima. Ukiendelea kulazimisha hapo, kichwa kinaweza kuparura sahani, na hapo hata mtaalamu mwenye vyombo vyake hataambulia kitu.

"Mbili zimeingia," nikamwambia. "Ya kuku imekataa."

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka," akasema dada. Hakulia wala hakunilaumu. Aliingia ndani, akarudi na kipande cha khanga ya mama yake.

Nikaifungua mashine juu ya boneti. Skrubu za chini, nikatoa betri kwanza ili nisicheze na umeme, nikachomoa diski kwenye kitanda chake cha bati, skrubu nne. SSD inaingia mle mle, upana ule ule, ila ni nyembamba, inacheza. Dada akakata kipande cha manila kutoka dukani, nikakikunja, nikakichomeka juu yake, ikatulia. Kazi nzima haikufika dakika ishirini. Diski ya zamani dada akaifunga kwenye ile khanga.

Kaka dereva akatazama saa. "Mimi naondoka. Kama bado unataka umeme, twende. Dada naye apande, leo si hamna duka."

Nikageuka kwa dada. Ana miaka thelathini na nne, kazaliwa Karatu, kasoma Karatu, kila siku anachapa neno Ngorongoro mara ishirini kwenye wasifu za watu.

"Umewahi kufika?"

"Getini," akasema. "Tulileta keki."

Basi tukapanda. Nawaambieni, sijawahi kuona mtu akiweka mfumo mpya wa kompyuta ndani ya gari linalokwenda Ngorongoro, lakini ndivyo nilivyofanya. Kwa hadi diski ningekuwa mwendawazimu, sahani inazunguka na kichwa kinaelea huku gari linaruka matuta. SSD haina habari. Tulipoacha mji nikabonyeza kuanza. Mashamba ya kahawa yakapita kushoto na kulia, udongo ule mwekundu kama matofali, mimi najibu maswali ya mashine: lugha gani, kibodi gani, jina la mwenye mali. Saa ikataka kujua niko wapi. Orodha ina Dar es Salaam tu, Karatu wanapitwa hata humo. Tulipofika geti la Lodoare mstari ulikuwa umekwisha kujaa na mashine inaomba izimwe iwashwe upya.

Getini tulionyesha vitambulisho vya NIDA, tukapata namba ya malipo, tukalipa kwa simu. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Sasa kwa nini sisi wa jirani hatuendi? Kiingilio siyo kikwazo, gari ndilo kikwazo. Huwezi kushuka kretani kwa miguu wala kwa daladala. Watu wa Karatu wanaosha magari hayo, wanawapikia wageni, wanachapa karatasi zao, na magari yanapanda na viti vitupu.

Baada ya geti tukala mashimo na vumbi, msitu mnene kila upande, ndevu za kuvu zinaning'inia kwenye miti, ukungu unaingia dirishani. Nikawasha mashine nikihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu... Kwenye ishirini na mbili ikawa imefunguka, tayari kwa kazi, na katikati tuliruka shimo ambalo lilinigonga kichwa kwenye paa. Kaka dereva akapiga honi kwa furaha.

Pale juu, penye kituo cha kutazamia, akasimamisha gari. Ukungu ulikuwa unafunguka. Tuko mita kama 2,300 juu ya bahari, na chini yetu, mita 600, kuna sakafu ya kreta, upana kama kilomita 19 kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ulikuwa mlima wa volkano, ukabomokea ndani zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ziwa Magadi linang'aa, na vitone vyeusi ambavyo kaka dereva anasema ni nyati, mimi nikaamini kwa heshima. Wazungu walikuwa wanapiga picha. Dada alishika ukuta kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu.

Kaka dereva hawezi kunyamaza, ndiyo kazi yake. Akatuelekeza upande wa magharibi, ng'ambo kabisa, akasema huko kuna Laetoli, humu humu kwenye hifadhi, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, kama miaka milioni 3.6 iliyopita.

"Na unajua walizifanyaje? Wakazifukia tena. Mizizi ya migunga ikaanza kuziingilia, wakazifukua miaka ya tisini, wakaondoa mizizi, wakazifukia upya vizuri. Mgeni akiniuliza kwa nini haoni kitu namwambia, ndiyo maana bado zipo."

Dada akageuka. "Hebu niwekee ya mpaka."

Nikachomeka flashi kubwa. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo tulirudi garini tukafunga vioo. Mama mkubwa akaanza kusema mle ndani ya Land Cruiser, kwa Kiiraqw na Kiswahili vikichanganyika, mti, jiwe, mfereji, nani alishuhudia. Kaka dereva, ambaye Kiiraqw anakijua, akavua kofia. Ilikuwa dakika nne na kitu. Dada akaisikiliza mara mbili. Ya pili, ya madeni, hakuimaliza. Alianza kucheka alipotajwa jirani mmoja ambaye mpaka leo anapita dukani anajifanya hajui.

Tulirudi na wageni wawili wa kaka dereva, wazee wa Kijerumani, waliobanana na sisi wakauliza kwa nini tuna kompyuta. Nikajaribu kuwaeleza. Sidhani kama walielewa, lakini mmoja alinipa biskuti.

Karatu umeme ulikuwa umerudi. Jioni nikahamisha kazi za wateja kwenye SSD. Isije mtu akakwambia Linux haina vituko: printa iliitambua yenyewe, mitihani na mikataba ikafunguka ikiwa imenyooka, ila kadi za harusi zilivurugika zote. Zile herufi za mapambo hazikuwemo, majina ya maharusi yakawa kama ya kwenye risiti. Ikabidi nitafute herufi hizo moja moja usiku ule. Kwa upande mwingine, zile flashi za wateja zenye virusi vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato, ukizichomeka sasa virusi vinabaki vimekaa tu kama abiria aliyepanda gari siyo.

Nikamwonya dada jambo moja. SSD haigongi tik tik kabla ya kufa. Siku yake ikifika inaweza kuzima kimya kimya, na kufufua kilichomo ni kazi kubwa kuliko diski ya sahani. Kwa hiyo kila Ijumaa anahamisha kazi kwenye flashi, na rekodi mbili za mama nimeziweka sehemu tatu, moja ninayo mimi. Nimemwambia pia kuna wataalamu wanaofungua hadi diski kwenye vyumba visivyo na vumbi, na bei yao inaweza kuizidi laptopu yenyewe. Akauliza ni kiasi gani hasa, akaandika nyuma ya daftari la mauzo. Ile diski iko ndani ya sanduku la mama mkubwa, kwenye khanga.

Asubuhi ya kuondoka kwangu mwalimu wa juzi alirudi na mtihani wake. Akavuta benchi akae, kama alivyozoea. Hajakaa, karatasi ya kwanza inatoka.

"Umenunua mpya?" akauliza.

"Ni ileile," dada akajibu, akamdai hela ya kurasa tatu.